Swali la Saba

Binadamu ana mizani mbili moyoni: moja ya kupimia maumivu ya wenzake na nyingine ya kupimia yake mwenyewe. Ya kwanza hata ukiitwika jiwe la kusagia haishuki. Ya pili ukiidondoshea unyoya inagonga sakafu. Wahenga waliliona hilo zamani, wakasema kuwa mkuki kwa nguruwe ni mtamu, lakini kwa mwanadamu ni mchungu. Aliyekuja kuujua ukweli wa maneno hayo mpaka kwenye uboho wa mifupa yake ni binti mmoja, mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa nne, ambaye wenzake walimbandika jina la Sindano.

Alikuwa mwembamba, ni kweli, lakini jina lile halikutokana na umbo. Lilitokana na ulimi. Sindano hakuwa mtu wa kupayuka. Aliuliza maswali mafupi kwa sauti ya upole, moja baada ya jingine, na shahidi alikuja kushtuka kwamba amechomwa wakati damu imekwisha kutoka. Chuoni hapakuwa na sifa kubwa kuliko hiyo. Kila mwaka kitivo cha sheria kiliandaa mashindano ya kesi za kuigiza kwa heshima ya wakili mmoja mashuhuri aliyestaafu, mzee wa miaka karibu themanini, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Radi. Picha yake ilitundikwa ukutani, juu ya kiti cha jaji, katika ukumbi uliojengwa mfano wa mahakama. Wanafunzi waliyakariri maswali yake kama watoto wanavyokariri nyimbo. Mshindi alipewa ngao ya fedha na, kilichotamaniwa zaidi, nafasi ya kujifunza kazi katika ofisi ya mawakili aliyoianzisha Radi mwenyewe.

Katika nusu fainali Sindano alipambanishwa na shahidi aliyeigizwa na msichana wa mwaka wa kwanza. Msichana alichanganya tarehe mbili. Kosa lilikuwa dogo, la mtu mwenye woga tu, lakini Sindano alilishika kama kupe. Alimrudisha kwenye tarehe zile mara tano, kila mara akitabasamu, mpaka msichana akasahau hata jina la mtu aliyekuwa akimwigiza, akaangua kilio cha kweli na kukimbia kutoka kizimbani. Ukumbi ulicheka hadi watu wakapiga meza.

"Umemmaliza kabisa!" mwenzake wa timu alimwambia huku akimkumbatia. "Lakini punguza kidogo na wewe, mtoto wa watu amelia."

"Machozi si ushahidi," Sindano alijibu, akakunja joho lake.

Jibu hilo likasambaa chuoni kwa siku moja.

Nyumbani kwao hapakuwa na msomi mwingine. Mama yake alikuwa mshonaji wa sare za shule. Baba yake, mzee mpole aliyesikia kwa sikio moja tu, alikaa barazani akitengeneza miavuli, zipu na mikoba. Kusoma alijifunza ukubwani, kwa vitabu vya binti yake alipokuwa darasa la kwanza: mtoto akisoma silabi na baba akiifuata nyuma yake, kidole kimoja kizito chini ya kila herufi. Kuhusu sikio lililokufa, Sindano aliambiwa tangu utotoni kwamba ni ugonjwa. Kuhusu shangazi yake, dada pekee wa baba, ambaye picha yake ilikuwa sebuleni juu ya redio, aliambiwa alikufa kwa ajali. Sindano alikuwa na umri wa miaka miwili wakati huo, na hakuwahi kuuliza ajali gani.

Faili la fainali lilitolewa Ijumaa. Lilihusu mmiliki wa kiwanda cha mikate aliyeshtakiwa kwa uzembe baada ya boila la mvuke kulipuka na kuua wafanyakazi wawili wa kike. Shahidi wa nne wa mashtaka alikuwa mtunza boila, na mmoja wa marehemu alikuwa dada yake. Mwalimu wa timu alieleza kwamba kiwanda kilikuwa cha kubuni, ila kesi yenyewe ilikuwa ya kweli: ndiyo iliyompa Radi jina lake. Radi alimtetea mmiliki kwa kuthibitisha kwamba mtunza boila alisinzia kazini, na alimvunja shahidi yule kwa maswali saba. La saba lilikuwa maarufu kiasi kwamba lilichapishwa katika kijitabu cha mashindano: "Ulipozinduka usingizini, dada yako alikuwa bado anaita jina lako?"

Kura ikapigwa. Timu ya Sindano ikapata upande wa utetezi. Alihisi kama nyota ya jaha imemwangukia mapajani.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, alimwita baba yake mezani.

"Baba, nisaidie kidogo. Wewe utakuwa shahidi, mimi wakili. Nikikuuliza, jibu chochote kinachokujia."

Mzee alicheka. "Mimi nijibu mawakili? Haya, mama, uliza."

Alizoea kumwita hivyo, mama, kwa mapenzi. Akafuta mikono yake iliyonuka grisi, akaketi wima na kuligeuza sikio zima upande wa binti yake.

"Wewe ndiye uliyekuwa mtunza boila siku ya tukio?"

Kicheko cha mzee kikakatika. "Boila?"

"Ndiyo, Baba. Ni kesi ya boila. Jibu tu."

"Ndiyo. Mimi."

"Geji ya boila ilisoma kiasi gani mara ya mwisho ulipoitazama?"

"Ilipita mstari mwekundu," mzee alisema polepole. "Vali ya usalama ilikwama. Ilikuwa na kutu upande wa chini, huioni mpaka upige magoti."

Sindano aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Baba, wewe mwigizaji! Hilo la kutu halimo humu." Akaendelea, akinogewa. Swali la tatu, la nne, la tano. Kadiri alivyouliza ndivyo baba yake alivyozidi kujikunja kitini, kama karatasi inayokaribia moto. Alipofika la sita, kama shahidi anajua kusoma, mzee aliusukuma kiti nyuma. Alisimama, akaenda kwenye beseni la uani, akawa anajimwagia maji usoni, kata baada ya kata.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, uzi umemning'inia mdomoni. Akamshika binti yake mkono na kumwingiza jikoni.

"Unamjua unayemhoji?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mama, ni mazoezi tu."

"Nakuuliza, unamjua? Huyo shahidi wako wa nne ni baba yako. Hakikuwa kiwanda cha mikate. Kilikuwa chumba cha kufulia cha hospitali, na kandarasi ilikuwa ya kampuni ya tajiri mmoja. Shangazi yako alikuwa akifua pale. Baba yako ndiye aliyemtafutia hiyo kazi. Vali ilikuwa mbovu, akaenda kumwambia msimamizi mara ya kwanza, mara ya pili. Siku ile alikwenda mara ya tatu, boila likapasuka nyuma yake, likamuua lile sikio. Msimamizi akaapa hakumwona. Halafu huyo Radi wenu akampa karatasi aisome mbele ya watu. Baba yako akaishika juu chini. Mahakama nzima ikacheka."

Sindano aliikunja karatasi ya maswali mkononi.

"Tajiri akaachiwa," mama aliendelea. "Baba yako alirudi mtaani akiitwa Msinzi. Babu yako alikufa bila kumsemesha, akiamini alimuua dada yake kwa usingizi. Tulihama ili wewe usikue ukilisikia hilo jina."

Binti aliegemea ukuta. Maswali yale sita aliyokuwa akiyaona matamu kama asali dakika kumi zilizopita, sasa yalimkaa kooni kama miiba ya samaki. Kwa mara ya kwanza alijiuliza yule msichana wa mwaka wa kwanza alikimbilia wapi alipotoka ukumbini.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa mwalimu wa timu.

"Naomba tubadilishane pande na wenzetu," alisema. "Nitamtetea shahidi. Yule mtu hakulala."

"Umejuaje?"

Sindano alisita. Siri ile haikuwa yake. "Najua tu."

Mwalimu alivua miwani. "Pande zimepangwa kwa kura. Jitoe ukitaka, lakini mwenzako naye atatoka, na mtaondoka chuoni mikono mitupu. Si wewe uliyesema machozi si ushahidi?"

Alirudi nyumbani na kumkuta baba barazani, mwavuli mweusi umefunguliwa mapajani mwake. Wote wawili walikuwa wakikwepana macho tangu jana.

"Baba, nitajitoa."

"Usijitoe." Mzee aliunyoosha waya wa mwavuli kwa koleo. "Miaka minne unalala na vitabu. Nenda. Hayo maswali nimeyasikia yote, yamekwisha kuwa butu. Waulize. Lakini moja, mwanangu, lile la mwisho." Sauti yake ikatetereka. "Lile la dada yangu, liache."

"Nitaliacha, Baba."

"Basi, na mimi nitakuja kukuona. Sijawahi kukuona ukifanya kazi."

"Haki ya Mungu, sitaliuliza," binti alisema, akamshika baba yake magoti.

Siku ya fainali ukumbi ulijaa pomoni. Wahadhiri walivaa majoho yao mekundu, wazazi walijipanga viti vya nyuma, na wapiga picha walisongamana ukutani. Radi mwenyewe aliketi katikati ya meza ya majaji, chini ya picha yake ya ujanani, mikono imemkauka lakini macho yangali makali kama ya kipanga. Baba na mama yake Sindano walikaa safu ya mwisho. Mzee alivaa koti lake la kijivu la harusi za watu, na kichwa alikiinamisha upande mmoja ili sikio zima lielekee mbele.

Shahidi wa nne aliigizwa na mvulana mrefu wa mwaka wa tatu, mtulivu, aliyefundishwa vizuri. Sindano alianza kumhoji kwa upole usio wa kawaida yake. Swali la kwanza, la pili, la tatu. Yote aliyaondolea makali, na mvulana aliyajibu bila kutoka jasho. Timu pinzani ikaanza kutabasamu. Mwenzake Sindano alimsukumia kipande cha karatasi: "Tunashindwa! La saba, sasa hivi!"

Alikikunja, akauliza swali jingine lisilo na kichwa wala miguu. Ndipo Radi alipoinama kwenye kipaza sauti.

"Wakili msomi," alisema, "unamhoji shahidi huyu au unambembeleza alale?"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Sindano alihisi uso unamwaka. Alimtazama mwalimu wake. Mwalimu alikuwa akitazama saa. Alimtazama Radi, mzee yule alikwisha kuanza kuandika, kwa wepesi wa mtu anayemfuta mtu kwenye orodha. Miaka minne ilimpita mbele ya macho. Moyo wake, ambao tangu Jumapili ulikuwa upande wa baba, ukaanza kumtafutia njia ya kutokea, nao moyo ukitaka njia haukosi. Huu ni mchezo, ulimwambia. Huyu ni mvulana wa mwaka wa tatu, dada zake wako hai. Maneno ni yaleyale, lakini hayamgusi mtu. Baba mwenyewe ameshasema yamekuwa butu.

Akasogea hatua mbili hadi kizimbani. Sauti yake ikarudi kuwa ile ya siku zote, laini kama pamba.

"Shahidi, ulimpenda dada yako?"

"Ndiyo."

"Ulipozinduka usingizini," aliuliza, akaacha kimya kipite kidogo, "dada yako alikuwa bado anaita jina lako?"

Mvulana alifungua mdomo. Alikuwa amefundishwa jibu, wote walijua, lakini halikutoka. Aliinamisha kichwa. Watu wakasimama na kupiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka, na Radi mwenyewe aliweka kalamu chini akapiga makofi pamoja nao.

Sindano alitupa jicho safu ya nyuma. Baba yake hakuwa amesimama. Alikuwa amegeuza kichwa taratibu, akamwelekezea lile sikio lililokufa.

Hukumu haikuchukua muda. Utetezi ulishinda kwa alama nyingi. Radi akapewa nafasi ya kusema machache, naye, kama wazee wengi wenye sifa, akasema mengi. Alisimulia kesi ile ya kweli ya miaka ishirini iliyopita. Alimwigiza shahidi akishika karatasi juu chini. Aliigiza kigugumizi chake. Aliigiza hata namna alivyofuta machozi kwa mkono wa shati. Ukumbi ulicheka hadi mbavu zikauma.

Mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, samahani. Mtu yule alikuwa amelala kweli?"

Radi alitabasamu. "Mwanangu, mimi sikuajiriwa kujua. Niliajiriwa kuuliza."

Makofi mengine. Kisha Sindano akaitwa kupokea ngao. Alipofika kwenye kipaza sauti hakuweza kujizuia tena.

"Shahidi yule ni baba yangu," alisema. "Hakulala. Yuko hapa. Yuko pale nyuma..."

Vichwa vyote viligeuka. Viti viwili vya safu ya mwisho vilikuwa vitupu.

Kwa muda wa pumzi moja, ilionekana kana kwamba uzito wa jambo lile ungemwangukia kila mtu mle ndani. Lakini Radi alikuwa ametoka kwenye hali ngumu kuliko hiyo mara elfu. Alimwekea Sindano mkono begani, akainua sauti.

"Mmeona? Nyumba moja imetoa shahidi na wakili! Jamani, damu ya mahakama haipotei!"

Watu walishusha pumzi, wakacheka kwa nafuu. Taa za kamera zikamulika. Katika picha iliyochapishwa wiki ile kwenye jarida la chuo, Sindano anaonekana ameshika ngao, na midomo yake, ambayo hakuwa ameiamuru, inatabasamu.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Baba alikuwa amekwisha kuvua koti, yuko barazani na kazi yake. Sindano alipiga magoti kwenye saruji.

"Nisamehe, Baba."

"Hongera," mzee alisema. "Umeshinda. Nilisikia makofi nikiwa barabarani."

"Usinipongeze. Nitukane, nipige."

"Nikutukane kwa lipi?" Aliweka koleo chini na kuitazama mikono yake. "Unajua, yule mzee nimemchukia miaka ishirini. Leo nilipokuwa natembea kurudi hapa, nimemsamehe."

"Umemsamehe? Baada ya yote yale?"

"Ee. Kwa sababu aliponichoma hakunijua. Kwake nilikuwa mtu tu, shahidi wa nne." Akamtazama usoni. "Wewe ulinijua."

Sindano alifunika uso kwa viganja. "Nilidhani ni mchezo," alisema huku kwikwi zikimkatiza. "Nilijiambia ni mchezo tu."

"Hata mimi nilijiambia hivyo pale kitini. Mwanangu anacheza. Sikio likakataa." Mzee aliuchukua tena mwavuli, lakini hakufanya nao chochote. "Na kwa kuwa mmeuliza mara mbili na hakuna aliyengoja jibu, leo nitalijibu. Ndiyo. Alikuwa akiita. Sikuwa usingizini, nilikuwa nje ya mlango. Mlango wa chuma ulikuwa umevimba kwa joto, nikausukuma mpaka ngozi ya bega ikabaki pale. Aliita jina langu, halafu akaita nusu yake, halafu akaacha."

Binti hakulia tena. Kuna maumivu yanayokausha hata machozi, na hayo ndiyo yaliyomshika pale sakafuni.

Kesho yake alipeleka barua ya kuikataa nafasi katika ofisi ya Radi. Hakuna aliyeshangaa sana. Walimwita mshindi wa pili, naye akaichukua kwa mikono miwili. Ngao aliirudisha chuoni, ikawekwa kabatini pamoja na nyingine. Barua ya pili, ndefu, yenye habari za vali, kutu na msimamizi, alimwandikia Radi mwenyewe. Haikujibiwa.

Nyumbani baba yake hakumtolea neno baya hata siku moja, na hilo ndilo lililomtafuna zaidi. Alimkaribisha vizuri, alimuuliza habari za masomo, alimpisha kiti. Lakini hakumwita mama tena. Alimwita wakili, kwa heshima, kama mtu anavyomwita mgeni. Kila mara neno hilo lilipotoka kinywani mwa mzee lilimwingia Sindano chini ya mbavu, likasimama hapohapo, naye akakumbuka jinsi alivyowahi kuwarushia wengine makali kama hayo huku akitabasamu. Hukumu ya wahenga ikamfikia, nayo haina rufaa: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.